Mashine Nyeupe ya Sheth Vrajlal

Morbi,
kesho yake baada ya Bhai Beej

Dada yangu mpendwa Urmila,

Jai Shri Krishna. Kabla ya yote nakuinamia miguuni ingawa niko mbali, nikuulize hali yako, hali ya watoto, na hali ya hilo goti ambalo Mama anasema limeanza tena kukusumbua tangu asubuhi ziwe za baridi. Huku kwetu Mama hajambo, ila amenikasirikia. Amekaanga ghughra, zile sambusa zetu tamu, za kulisha mtaa mzima na mimi nimekula mbili tu. Mwili wangu mzima, dada, roho ndiyo mbovu.

Najua umenuna. Jana ilikuwa Bhai Beej, siku ya ndugu kula kwa dada yake, na sikutokea mlangoni kwako, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu uolewe. Mama ananiambia ulipiga simu na kupiga tena, na kwamba ulikwishapika na kuniwekea sahani. Sikuipokea simu kwa makusudi. Simu yako unaiweka mezani sauti ikiwa juu ili nyumba nzima isikie, na anayekaa pale mezani ndiye nisiyetaka asikie haya. Kwa hiyo nimeshika kalamu kama watu wa zamani. Barua nimempa Jyotsna, binti wa jirani yetu, anayerudi Rajkot leo kwa mumewe. Nimemwapisha akukabidhi jikoni ukiwa peke yako. Isome mpaka mwisho ndipo unitukane.

Nianze na siku ya Rakhi. Uliponifunga uzi wa undugu mkononi na kunitia peremende mdomoni, nilitoa bahasha yangu kama kila mwaka, nawe ukaisukuma kando. Ulisema mwaka huu hutaki pesa wala sari, unataka neno langu: kwamba hiyo mashine ya kununua na kuuza hisa niliyoitwa kuijenga kwenye ofisi ya Sheth Vrajlal haitamtoa mumeo kwenye kiti chake. Ulisema Bipinbhai amekaa kwenye kiti kile akinunua na kuuza hisa za watu tangu wewe ukiwa bibi harusi, hana kazi nyingine anayoijua, na kwamba akija kuondolewa na kompyuta iliyoletwa na shemeji yake mwenyewe, hamtakuwa na uso wa kuwaonyesha watu. Uzi ulikuwa umeshafungwa. Ningesema nini? Nikakubali, lakini kwa shingo upande. Toka siku ile nimekuwa mtu mwenye matajiri wawili. Mmoja alinilipa nijenge mashine isiyohitaji mtu, na mwingine alinifunga uzi nijenge mashine isiyoweza kitu bila mtu.

Nilidhani nitapata kazi ya kuiharibu mashine kwa siri. Lo, sikuwa nawajua watu wa ofisi ile. Waliiharibu wenyewe, mchana kweupe, kwa vikao.

Tulianza na prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta. Programu yangu inasoma bei, inaamua, inapeleka amri sokoni. Ni foleni moja, jambo moja baada ya jingine, kwa hiyo nilitaka ubongo wenye vichwa vichache vyenye mbio. Maulik, yule mtoto wa Sheth aliyerudi na shahada yake ya biashara kutoka Ahmedabad, alikuwa ameshakutana na muuzaji na ameshapewa chai. Akataka wenye vichwa vingi, vya polepole, kwa sababu vingi ni vingi. Nikamweleza kwamba hata akiwaweka makarani sitini kwenye ofisi, barua moja inaandikwa na mmoja. Akanijibu kwamba mimi nimezoea mambo madogo madogo ya kule Pune nilikokuwa nafanya kazi, wao hapa wanajenga kitu kikubwa. Sheth alikuwa anatikisa kichwa kila mmoja wetu anapoongea, hivyo sikujua yuko upande gani mpaka nilipoona risiti ya vile vichwa vingi.

Ikaja zamu ya kumbukumbu. Kuna kumbukumbu za kompyuta zinazojikagua, tarakimu ikipinda zenyewe zinainyoosha. Kwa mashine inayoshika mali za watu kutwa nzima hilo si anasa. Nikalieleza vizuri, kwa Kigujarati safi, na Sheth akasikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua akauliza kwa nini alipie zaidi kitu kinachokosea na kujisahihisha, wakati dukani vimejaa vya bei nafuu ambavyo hakuna aliyesema vinakosea. Ofisi nzima ikacheka. Mimi nilicheka pia, nikaenda chooni nikaosha uso.

Baada ya hapo ni diski. Niliomba mbili zinazoandika kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine ishike. Sheth akasema mtu halipi kodi ya nyumba mbili ili alale kwenye moja. Hapo nilikumbuka uzi wako, nikanyamaza. Nikajiambia wacha iwe moja, wacha ife siku moja saa nne asubuhi soko likiwa limechemka, watamwita Bipinbhai mbio. Ulikuwa ndio wakati wangu wa kukutimizia ahadi bila kunyanyua kidole. Unajua ni nani aliyeongea? Mumeo. Bipinbhai asiyesema kwenye vikao, anayekaa na kikombe chake akingoja vimalizike, alisema kwa adabu kwamba kijana apewe anachotaka, kwamba kama mashine ni ya kutegemewa basi iwe ya kutegemewa kweli. Nilimkodolea macho. Nilidhani ananidhihaki. Diski ya pili ilipatikana kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

Na haikuwa mara moja. Nilipotaka mashine tuiweke Mumbai, kwenye vile vyumba vya kukodi karibu na soko lenyewe, ili amri isisafiri nusu ya nchi kabla ya kufika, Sheth alikataa katakata. Alisema mali yake haitalala Mumbai yeye akiwa Rajkot, mashine itakaa chini ya picha ya baba yake ambapo anaweza kuivisha shada la maua kila asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Mumeo ndiye aliyembembeleza Sheth siku nzima, akashindwa, na jioni alikuwa amekunja uso kama aliyenyimwa haki yake. Nilirudi chumbani kwangu nimevurugikiwa. Nilijiuliza mtu gani huyu anayechimbia kiti chake mwenyewe, na kama ana haraka hivyo ya kuondoka, mimi nahangaika na ahadi ya nani.

Sasa sikia ya hifadhidata, hapo ndipo nilipotaka kulia. Hifadhidata ni ghala ambamo mashine inaweka kila bei na kila amri. Nilisema tuwe na ghala mbili. Ya leo ikae kwenye kumbukumbu ya mashine, ipokee bei zinavyomiminika, isiulizwe na mtu kitu chochote. Ya zamani ikae kwenye diski, na huko ndiko wanaotaka ripoti zao waende wakaulize wanavyotaka. Maulik akasema ghala mbili ni kuchanganya watu, na yeye anataka afungue ukurasa mmoja aone kila kitu. Ikawa moja. Siku ya majaribio, kwenye kompyuta ya kuazima na kwa fedha za mchezo tu, mhasibu akaomba hesabu ya mwaka mzima katikati ya asubuhi. Ghala ikashughulika kumtafutia, bei mpya zikajaa mlangoni hazina pa kuingia, na programu yangu ikaendelea kununua kwa bei zilizokwisha kuchacha. Tulipoteza fedha za mchezo nyingi sana. Sheth akaniuliza mbele ya watu kama hivi ndivyo tunavyofanya kazi Pune. Maulik akamwambia baba yake nina papara. Dada, damu ilinichemka mpaka masikio yakawaka. Hata wakati huo ni Bipinbhai aliyenifuata kwenye ngazi akaniambia nisikate tamaa, shemeji, itengeneze hivyohivyo, itengeneze tu ifanye kazi. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kama anaipenda sana mashine amwambie na mkewe.

Aliguna, akaondoka akishikilia ukuta. Nilidhani amekasirika.

Basi siku ya Dhanteras ikafika. Sheth alikuwa ameapa kwamba mashine itaingia nyumbani siku hiyo na si nyingine, kama watu wanavyoingiza dhahabu na vyombo vya shaba. Hakuna aliyefikiria kwamba seva niliyoichagua mimi ni ya chuma tena nyeusi tii, vitu viwili ambavyo mtu mwenye akili zake haviingizi mlangoni siku ile. Gari lilipoishusha, mke wa Sheth aliiona akajifunika mdomo kwa pindo la sari. Maharaj, kasisi wao, akaitwa. Nilipiga magoti kwenye baraza, nikaifungua ubavu, nikamwonyesha mapezi ya shaba yanayopooza prosesa, nikamwonyesha na dhahabu iliyopakwa kwenye meno ya kadi. Mimi, mhandisi mzima, namuuzia kasisi kompyuta kwa kilo ya shaba. Maharaj akainama, akachungulia, akasema shaba anaiona na dhahabu anaiona, lakini ganda ni la mkaa na mkaa haukaribishi mtu. Hapo Maulik alipotea na gari, akarudi baada ya chakula cha mchana na mashine nyeupe ya kuchezea michezo. Ina kioo ubavuni na taa za kila rangi zinazozunguka kama kwenye harusi. Mabomba yake ya shaba yanaonekana nje. Sheth aliyagusa kwa kidole akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu monsuni.

Seva yangu ikarudishwa dukani, na ile diski ya pili iliyopatikana kwa taabu ikarudi nayo. Ile nyeupe wakaivunjia nazi, wakaichora alama ya heri kwa kumkumu, na kwa macho yangu niliona unga mwekundu ukivutwa na feni kuingia ndani. Ndani ya boksi mlikuwa pia na kibodi mpya zenye taa, zawadi ya muuzaji, basi Maulik akabadilisha za ofisi nzima na za zamani zikatupwa pamoja na takataka za usafi wa Diwali. Nilihamisha programu usiku na mchana bila kusema na mtu. Nilikuwa nimechoka kugomba.

Ndipo tukafika Diwali yenyewe. Unajua soko hufungwa siku hiyo isipokuwa ile saa moja ya heri ya kufungulia mwaka wetu mpya, na mwaka huu iliwekwa mchana. Hukuja kwa sababu ya goti, kwa hiyo acha nikuwekee picha. Wote tulivaa nguo mpya. Wanawake walikaa nyuma na masinia ya peremende. Mashine nyeupe ilikuwa chini ya picha na shada lake, inawaka nyekundu, kijani, zambarau. Kanuni ya nyumba ile unaijua kuliko mimi: amri ya kwanza ya mwaka ni ya kununua, hisa chache za kampuni ileile ambayo baba yake Sheth alianza nayo, na inapelekwa kwa mkono wa Bipinbhai. Baada yake ndipo mashine yangu ingeanza. Na katika saa ile hakuna anayeuza hata kipande. Kununua ni kumkaribisha Lakshmi, mungu wa mali, kuuza ni kumshika mkono ukamtoa nje.

Nilikaa kwenye kigoda kando ya mumeo. Sheth akatikisa kengele ndogo. Bipinbhai akapapasa kibodi, kidole kikasita, kikabonyeza. Kidirisha kikafunguka kwenye skrini, na kilikuwa chekundu.

Labda Bipinbhai hajawahi kukuambia, lakini katika kazi yetu kidirisha cha kununua ni cha buluu na cha kuuza ni chekundu, na vitufe vyake vimepakana. Watu hukosea. Ukikosea unaona wekundu mbele ya uso wako, unafunga, unaanza upya, hakuna aliyejua. Nilimngoja afunge. Hakufunga. Aliandika idadi kwa ile kasi yake ambayo watu wote wanaisifu, akapeleka. Kisha akageuza shingo kwangu na kuninong'oneza, akauliza kama imekwenda.

Aliniuliza mimi, dada, na majibu yalikuwa pale kwenye skrini, makubwa kama mabango ya sinema.

Wanawake walishapiga makofi. Sheth akavaa miwani, akasogea, akasoma. Aliuliza taratibu, bila kupandisha sauti, ni nani ameuza. Bipinbhai alikuwa bado anatabasamu akitazama mahali ambapo Sheth hakuwapo, na tabasamu lilikuwa linamtoka kidogokidogo kadiri alivyoelewa. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasema ni mashine. Nikasema programu imeruka zamu yake, Sheth, imeuza yenyewe, kosa ni langu. Hakuna aliyehoji. Mashine haina mdomo wa kujitetea, na mimi nilikuwa na sifa mbaya tayari.

Sheth aliinama mwenyewe, na umri wake ule, akachomoa waya ukutani. Taa zikazimika. Akaniambia kwamba katika nyumba yao hakuna aliyemtoa Lakshmi nje tangu enzi za baba yake, kwamba alinichukua kama mtoto wa ndani, na kwamba ofisi ikifunguliwa tena baada ya sikukuu, siku ya Labh Pancham, nisijisumbue kuja. Maulik akaongeza kwamba siku zote aliona hifadhidata ina kasoro. Ile aliyoichagua yeye. Nilikuwa karibu kucheka kwa uchungu.

Wakataka Bipinbhai anunue upya kwa mkono, kuondoa balaa. Nilikuwa nimeinama kati ya kiti chake na meza nikikusanya nyaya zangu. Nikamshika kidole, nikakiweka kwenye kitufe chenyewe. Kidirisha cha buluu kikafunguka, akanunua, makofi yakapigwa, na Sheth akawatangazia watu kwamba mwaona wenyewe, mkono wa binadamu haufanani na kitu. Masinia yakapita. Mimi nikatoka.

Bipinbhai alinikuta kwenye kibanda cha chai pale pembeni. Sikumwita, na alinitambua kwa sauti yangu nilipoagiza chai. Yale aliyoniambia nakuandikia kama alivyoyasema, bila kutia chumvi. Sukari yake imeingia machoni. Tangu monsuni ya mwaka jana, katikati ya kila anachokitazama pana doa, kama mtu aliyeweka dole gumba kwenye kioo kilicholowa. Pembeni anaona, ndiyo maana anatembea, anapanda ngazi na anawajua watoto kwa vimo vyao. Tarakimu haoni. Alikuwa amewaambia makarani watamke bei kwa sauti kama zamani za kupiga kelele sokoni, wakadhani ni maringo ya mtu wa kale. Kwenye kibodi yake ya zamani alikuwa amedondoshea tone la gundi juu ya kitufe cha kununua, likakauka, kidole kikawa kinalijua. Hii mpya ya Maulik ni laini kote. Na wewe uliniambia siku ya Rakhi, ukicheka kama msichana, kwamba siku hizi mumeo anakuomba umsomee gazeti wakati wa chai, kwamba uzeeni amejua mapenzi. Nisamehe kwa kulitaja hilo.

Nilimuuliza kwa nini basi alikuwa anaipigania mashine itakayomtoa. Dada, hapa ukae chini. Mashine ilikuwa shauri lake yeye. Sheth hakuota kompyuta, mumeo ndiye aliyemtia wazo hilo masikioni, na ndiye aliyemshawishi aniite kutoka Pune, kwa sababu alihitaji mtu wa kwao. Hesabu yake ilikuwa mashine ifanye kununua na kuuza, yeye akae kitini kama msimamizi mwenye busara anayeitazama, na hakuna mtu ambaye angemwomba tena asome kitu, mpaka binti yenu Pankti amalize chuo na aolewe kwa heshima. Zile diski mbili, kile chumba cha Mumbai, alikuwa anaombea macho yake. Na kila aliposhindwa, mimi nilikuwa pembeni nimefunga mdomo, nikijipongeza kwamba nakutunzia ahadi.

Nikamwambia uongo wangu ndio umemchomolea waya. Akasema ndiyo, analijua hilo tangu Sheth alipoinama. Akasema lakini watu walipiga makofi, sivyo? Kisha akanishika mkono akaniapisha nisikuambie. Niliapa. Kumbe nimekuwa hodari wa kuahidi kila mtu.

Nimekaa hapa kwa Mama siku hizi zote nikigeuza jambo hili, na hasira yangu kwa Maulik, kwa Sheth na kwa muuzaji wa mashine imeniishia. Iliyobaki ni juu yangu na juu yako, tulioketi sebuleni kwako tukapanga maisha ya mtu tusiyemuuliza kitu. Nimekwenda kwa daktari wa macho hapa mjini nikamweleza bila kutaja jina. Anasema kilichokwisha kupotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kuzuiwa, ikiwa mgonjwa ataletwa sasa na si baada ya harusi ya mtu.

Labh Pancham ofisi inafunguliwa. Atakaa pale peke yake, bila mashine, bila mimi, na kibodi isiyo na alama, na amana za watu mkononi. Siku moja atauza hisa za mjane fulani akidhani amemnunulia, na hakutakuwa na shemeji wa kusema ni kompyuta. Watamwita mwizi, dada, na yeye atakubali kuitwa mwizi kuliko kuitwa kipofu. Mimi hanisikii tena. Wewe anakusikia. Katika siku hizi za kupelekeana salamu za mwaka mpya, nenda kwa mke wa Sheth, ukae naye faragha, umwambie aliyeuza si mashine. Nitajulikana kuwa mwongo, na iwe hivyo. Mashine wairudishe au wasiirudishe, hilo ni lao.

Mama anakusalimu na anasema goti ulikande kwa mafuta ya ufuta ya moto, si yale ya dukani. Nimemtumia Pankti na mdogo wake ghughra kwa mkono wa Jyotsna, mlaji amekosekana huku. Mwaka mpya uwaingilie kwa heri, na pale nilipokuumiza humu ndani, hesabu kwamba ni mdogo wako aliyeshindwa kupata maneno mengine. Ulichoniomba siku ya Rakhi nimekitimiza: mumeo yumo kwenye kiti chake. Sasa ninayeomba ni mimi. Mtoe.

Wako mdogo,
Dhaivat